Maputo yaliyobaki darini: historia fupi ya kutabiri fainali za NBA

 Najua nimeadimika, na kisingizio ni kile kile, kazi ya gazeti haina saa. Leo tuziweke siasa pembeni tuongee mpira wa kikapu. Wale mnaouona kikapu kuwa ni mchezo wa watu warefu wenye viatu vya bei mbaya msiondoke, maana habari yenyewe si ya kikapu peke yake. Ni habari ya sisi tunaopenda kusema kesho itakuwaje, na ya yule anayetusikiliza akiwa na hela mfukoni.

Kila ikikaribia Juni mhariri wangu ananipitia mezani na ombi lile lile: "Bwana mdogo, fainali za NBA, nani anachukua?" Naandika. Na kila mara neno "huenda" nililoliweka kwenye sentensi ya kwanza nalikuta limefutwa gazeti likitoka. Kichwa cha habari hakipendi huenda, kinapenda lazima. Mimi na neno lazima tuna ugomvi wa miaka mingi, na chanzo chake nitakieleza mbele kidogo. Kwanza tuanze na maputo.

Kwa wasiofuatilia, bingwa wa NBA hapatikani kwa mechi moja kama fainali ya soka. Timu mbili zinakutana hadi mara saba, na ya kwanza kushinda nne ndiyo bingwa. Mwaka 1969 fainali ilikuwa kati ya Los Angeles Lakers na Boston Celtics. Lakers walishapigwa na Celtics hao hao kwenye fainali mara sita ndani ya miaka kumi, wakachoka. Wakamleta Wilt Chamberlain, jitu lililowahi kufunga pointi 100 kwenye mechi moja mwaka 1962, wakamuunganisha na Jerry West na Elgin Baylor. Boston walikuwa wamezeeka. Kocha wao, Bill Russell, ndiye huyo huyo aliyekuwa akicheza katikati, na kwenye msimu wa kawaida walimaliza wa nne katika kanda yao. Ukiuliza nani anachukua, jibu lilikuwa rahisi.

Mechi sita za kwanza kila timu ilishinda nyumbani kwake, ikawa tatu kwa tatu. Mechi ya saba ikaangukia Los Angeles, tarehe 5 Mei. Mmiliki wa Lakers, Jack Kent Cooke, akaagiza maelfu ya maputo yafungwe kwenye wavu juu ya dari ya ukumbi, yaachiwe mara tu Lakers wakishinda. Kwenye viti mashabiki wakawekewa karatasi ya ratiba ya sherehe: maputo yatashuka, bendi itapiga, kisha wachezaji watahojiwa. Ratiba hiyo haikuwa na neno "iwapo". Karatasi moja ikafika mikononi mwa Russell, naye akaifanya dawa ya kuwaamsha vijana wake.

Boston wakaongoza kwa pointi 15 kuingia robo ya mwisho. Lakers wakaanza kurudi. Zikiwa zimebaki kama dakika tano hivi, Chamberlain akaumia goti akatoka. Baadaye akaomba kurudi, kocha wake Butch van Breda Kolff akakataa. Mwishoni mpira ukamfikia Don Nelson wa Boston kwa kubahatisha tu, akarusha, ukagonga chuma, ukaruka juu, ukarudi kuzama kwenye nyavu. Celtics 108, Lakers 106. Jerry West alifunga pointi 42 siku hiyo akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Ndiyo kwanza tuzo hiyo ilikuwa inaanza kutolewa, na hadi leo hajapatikana mchezaji mwingine aliyeichukua akiwa upande ulioshindwa. Maputo yakabaki darini.

Sasa hebu tujiulize, Cooke alikosea nini hasa? Kuamini kwamba Lakers ni bora halikuwa kosa. Walishinda mechi 55 msimu ule, Boston 48. Ningekuwepo mimi ningewapa Lakers pia. Kosa lake ni wavu na maputo. Alichukua jambo lenye uwezekano mkubwa akalifanya limeshatokea. Goti la Chamberlain, ubishi wa kocha na mpira uliogonga chuma havikuwemo kwenye ratiba yake.

Miaka sita baadaye, 1975, ikaja fainali ambayo hadi leo inatajwa kati ya mshangao mkubwa wa mchezo huu. Washington Bullets walikuwa wameshinda mechi 60 kati ya 82, wakiwa na Elvin Hayes na Wes Unseld. Golden State Warriors walikuwa wameshinda 48. Walipokutana msimu wa kawaida mara nne, Bullets walishinda tatu. Na kuna kichekesho kimoja hapa. Wakati wa fainali ukumbi wa Warriors kule Oakland ulikuwa umeshachukuliwa na shughuli nyingine, kana kwamba hata wenye jengo hawakutarajia timu yao ifike huko. Mechi za nyumbani zikahamishiwa Cow Palace, nje kidogo ya San Francisco, jengo lililojulikana zaidi kwa maonyesho ya mifugo.

Warriors wakashinda nne bila. Mechi ya mwisho ilikuwa 96 kwa 95. Rick Barry alikuwa nyota, lakini kocha Al Attles alikuwa akizungusha wachezaji wengi kuliko ilivyozoeleka, na kazi ya kumkaba Hayes akampa kijana mgeni kwenye ligi, Jamaal Wilkes, wakati huo akiitwa Keith. Waliohesabu ushindi wa msimu mzima walihesabu sawasawa. Ila walichokihesabu kilikuwa kimeshapita. Fainali iliuliza swali jingine: nani atamkaba Hayes usiku huu? Na kwa taarifa yenu, fainali ile ndiyo ya kwanza kuwa na makocha weusi pande zote mbili, Attles na K.C. Jones.

Turuke hadi 1995, tumkute Mwafrika mwenzetu Hakeem Olajuwon wa Lagos, aliyekuwa golikipa kabla hajawa mfalme wa kikapu. Houston Rockets walikuwa mabingwa watetezi, lakini msimu huo walisuasua wakamaliza nafasi ya sita kanda ya Magharibi, ushindi 47 tu. Watabiri wengi walishawazika. Wakaanza mtoano: Utah waliokuwa na ushindi 60, nje. Phoenix waliokuwa na 59, nje, tena baada ya Rockets kuwa nyuma tatu kwa moja. San Antonio waliokuwa na 62, nje. Fainali wakakutana na Orlando Magic wa Shaquille O'Neal, ushindi 57.

Mechi ya kwanza Orlando waliwahi kuongoza kwa pointi 20. Sekunde za mwisho walikuwa mbele kwa tatu, na Nick Anderson akapata mitupo huru miwili. Akakosa wote. Mpira ukamrudia, akachezewa faulo tena, akapata mingine miwili. Akakosa wote. Kenny Smith wa Houston akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu, na katika muda wa nyongeza Olajuwon akasukumia ndani mpira uliorudi. 120 kwa 118. Baada ya hapo Orlando hawakushinda hata mechi moja, wakafagiliwa nne bila. Hakuna timu iliyowahi kuchukua ubingwa ikitokea nafasi ya chini kuliko ile ya sita.

Walichokosea watabiri hapa ni kusoma nafasi ya sita kama vile ni sura ya timu. Mwezi Februari Rockets walikuwa wamemleta Clyde Drexler, rafiki wa Olajuwon tangu chuo kikuu cha Houston. Timu iliyocheza Juni haikuwa ile iliyocheza Novemba. Msimamo wa ligi unajumlisha zote mbili na kukupa namba moja, na wewe unadhani namba hiyo ni ya mtu mmoja.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 2004. Lakers, safari hii wakiwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant walioshachukua ubingwa mara tatu pamoja, wakaongezewa Karl Malone na Gary Payton. Hawa wawili walikubali kupunguziwa mishahara mikubwa ili wapate pete ya ubingwa kabla hawajastaafu. Majina manne, yote ya kuingia kwenye nyumba ya kumbukumbu ya mchezo huu, na benchi akakaa Phil Jackson aliyeshabeba makombe tisa kama kocha. Upande wa pili Detroit Pistons. Chauncey Billups alishapitishwa kwenye timu kadhaa zikamwachia. Ben Wallace alikuwa hata hajachaguliwa na timu yoyote wakati wa kuingia ligi. Walikuwepo Richard Hamilton, Tayshaun Prince na Rasheed Wallace aliyefika Februari.

Watu wakasema Lakers, na swali likawa ni kwa mechi ngapi. Sasa angalieni jambo ambalo lilikuwa wazi mezani siku ile ile: msimu wa kawaida Lakers walishinda mechi 56, Pistons 54. Tofauti ni mbili! Pistons walikuwa ukuta, hasa baada ya Rasheed kufika. Takwimu zilikuwa zinasema hizi timu zinakaribiana, ila majina yakapiga kelele kuliko takwimu.

Kocha wa Pistons, Larry Brown, akafanya hesabu yake. Timu nyingi zilikuwa zinamwekea Shaq watu wawili au watatu, mpira unatoka, wengine wanafunga. Yeye akamwachia Shaq mtu mmoja. Funga baba, funga utakavyo, lakini wenzako hawatapata kitu. Shaq kweli akafunga, zaidi ya pointi 26 kwa mechi. Kobe naye, akiwa na mikono mirefu ya Prince usoni, akakosa zaidi ya mitupo sita katika kila kumi. Malone akaumia goti. Payton akapotea. Mechi ya kwanza Pistons wakashinda ugenini 87 kwa 75. Ya pili Kobe akaiokoa kwa mtupo wa pointi tatu zikibaki sekunde mbili, Lakers wakashinda muda wa nyongeza. Kisha Detroit wakashinda tatu mfululizo kwao, mojawapo 88 kwa 68. Nne kwa moja, na Billups, yule aliyeachwa na timu nyingi, akawa mchezaji bora wa fainali. Kiangazi hicho hicho Shaq akaondoka kwenda Miami.

Nikisimulia visa hivi kijiweni kuna anayeruka na kusema, "Basi kutabiri ni kazi bure, mpira unadunda." Hapana, ndugu yangu, na hili ndilo kosa la upande wa pili. Mwaka 2001 Lakers walifika fainali wakiwa hawajapoteza mechi hata moja ya mtoano, 11 kwa 11, wakakutana na Philadelphia 76ers waliokuwa na Allen Iverson mfupi na Dikembe Mutombo wa Kongo, mzuiaji hodari. Mechi ya kwanza, pale pale Los Angeles, Iverson akatupia pointi 48 na Sixers wakashinda. Waliobadili utabiri usiku ule waliumia, maana Lakers walishinda nne zilizofuata. Mwaka 2025 Oklahoma City Thunder walikuwa wameshinda mechi 68, Indiana Pacers 50. Mechi ya kwanza Tyrese Haliburton akaimaliza ikibaki sehemu tatu tu za kumi za sekunde, 111 kwa 110. Pacers wakaipeleka hadi mechi ya saba, na humo robo ya kwanza Haliburton akaumia vibaya mguu. Thunder wakabeba. Aliyepewa nafasi kubwa mara nyingi ndiye anayeshinda. Mechi saba ni chujio zuri, bahati ya usiku mmoja inatoka na makapi.

Ila chujio lina matundu, na ukubwa wake unahesabika. Chukua timu ambayo ni bora kiasi kwamba mechi moja moja inashinda sita katika kila kumi. Hiyo ni tofauti kubwa tu kwa timu mbili zilizofika fainali. Ukipiga hesabu ya kushinda nne kati ya saba, utapata kwamba timu hiyo itatwaa ubingwa mara 71 katika kila 100. Mara 29 itaukosa, bila uchawi wala mechi kuuzwa. Ukiiongezea nguvu hadi saba katika kumi kwa kila mechi, inafika mara 87 katika 100. Bado kuna mara 13 za kilio. Hesabu hii ni ya kidato cha sita, na mimi niliisoma nikaifaulu. Ndiyo maana kisa kinachofuata bado kinaniuma.

Juni 2016 nilikuwa nimemaliza mitihani ya kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina kazi. Kutwa nashinda kwenye saluni ya kinyozi mmoja mtaani kwetu Dar, mtu mzima kidogo aliyependa kikapu tangu ujana wake. Mimi ndiye nilikuwa "msomi" wa pale. Nilisoma kila kitu kuhusu NBA kwenye simu ya kuazima, nikawa nachambua, na watu wanakaa kimya wakinyolewa.

Golden State Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 msimu ule, rekodi mpya, wakiipita ile ya 72 ya Chicago Bulls wa 1996. Kwenye fainali wakawa mbele ya Cleveland Cavaliers tatu kwa moja. Mara 32 timu ilishawahi kuwa mbele hivyo kwenye fainali, na mara zote 32 ilichukua ubingwa. Kinyozi akaniuliza, mashine ikiwa shingoni kwangu: "Dogo, hii imeisha?" Nikamjibu: "Kaka, imeisha. Haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe."

Akachukua kodi ya fremu yake ya miezi mitatu, shilingi laki tatu, akabeti Warriors wanabeba. Kwa kuwa ilikuwa "ya uhakika", faida yake ingekuwa elfu thelathini tu. Elfu thelathini alitaka kuongezea kwenye mashine mpya ya kunyolea. Angalieni jinsi hesabu inavyokaa: ili mtu asipate hasara kwa dau la namna hiyo, anatakiwa awe sahihi mara kumi kati ya kumi na moja. Yeye hakuniuliza kama nina uhakika wa kiasi hicho. Mimi sikujiuliza.

Kilichofuata mnakijua. Draymond Green akafungiwa mechi ya tano. LeBron James na Kyrie Irving wakafunga pointi 41 kila mmoja kwenye mechi hiyo, Andrew Bogut wa Warriors akaumia goti. Ya sita Cleveland tena. Mechi ya saba ilichezwa saa tisa usiku kwa saa zetu, Juni 20, Ramadhani. Tuliiangalia sebuleni kwa jirani aliyeamka kula daku, uji ukazungushwa, baadaye adhana ya alfajiri ikapita, sisi bado tumetumbulia macho televisheni. Ikawa 89 kwa 89, na kwa karibu dakika nne hakuna aliyefunga kitu. Andre Iguodala akakimbia kwenda kufunga, LeBron akatokea nyuma akaubandika mpira kwenye ubao. Kyrie akamrushia Stephen Curry pointi tatu usoni. Cavaliers 93, Warriors 89. Mji wa Cleveland ulikuwa haujapata kombe kubwa la mchezo wowote tangu 1964. Kinyozi alinyanyuka, akamshukuru mwenye nyumba kwa uji, akatoka. Hakusema neno.

Mwenye fremu alivumilia wiki mbili, kisha akaweka kufuli lake juu ya kufuli la kinyozi. Kaka yangu akanyoa watu chini ya mwarobaini, kiti cha plastiki na kioo cha kushika mkononi, kwa miezi mitatu. Mvua za vuli zikianza anakimbiza vyombo barazani kwa watu. Boom langu la kwanza la chuo lilipotoka nikampelekea elfu hamsini. Akakataa. Akaniambia: "Hela nilibeti mimi, dogo. Ila ulivyonijibu hukuweka hata labda moja."

Nimelifikiria sana jibu langu la siku ile. Mara 32 kati ya 32 inatisha ukiisikia, lakini inasema nini? Tuseme timu mbili zinalingana kabisa, kila mechi ni sawa na kurusha shilingi. Aliye nyuma tatu kwa moja anatakiwa ashinde tatu mfululizo, uwezekano wake ni mara moja katika nane. Kwa kawaida aliye nyuma ndiye dhaifu, kwa hiyo ni chini zaidi ya hapo. Sawa. Lakini jambo la mara moja katika 15 au 20 linaweza kabisa kukaa mara 32 bila kutokea, kisha likatokea. "Haijawahi kutokea" ni habari ya jana. Na kibaya zaidi, mwezi uliotangulia Warriors wenyewe walitoka nyuma tatu kwa moja wakawatoa Oklahoma City kwenye fainali ya Magharibi. Niliiangalia mechi ile kwa macho yangu! Nilikuwa na ushahidi mkononi na sikuusoma, kwa sababu kusema "imeisha" kulinipa raha, watu wananitazama kwenye kioo.

Na si sisi wa vijiweni tu. Hata wanaolipwa mamilioni kutabiri wanakosea. Kila Juni timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, na huko nako ni kutabiri, tena kwa miaka mingi mbele. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakiwa na nafasi ya pili walimchukua Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, futi saba na inchi tatu. Dar ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Wa tatu akachukuliwa James Harden. Wa saba akachukuliwa kijana mwembamba anayeitwa Stephen Curry. Sisemi hivi kumcheka kaka yetu, yeye hakujichagua, na kufika pale si mchezo. Nasema wenye maskauti, video na madaktari walimtazama Curry, na timu tano zikampita. Urefu unapimika kwa futi, na kinachopimika kirahisi ndicho tunachokipa uzito.

Kwa hiyo siku hizi nikiombwa utabiri nafanya hivi. Kwanza naangalia timu ilivyocheza miezi miwili ya mwisho, si msimu mzima, kwa sababu ya Houston. Pili nauliza nani atamkaba nani, kwa sababu ya Wilkes na Prince. Tatu nafunika majina kwa kiganja na kusoma takwimu peke yake, kwa sababu ya Malone na Payton. Nne nauliza nani mgonjwa, kwa sababu ya goti la Chamberlain. Mwisho naandika jibu kwa namba: sita kwa kumi, saba kwa kumi. Nane kwa kumi kwenye fainali ni mara chache sana naitoa, na kumi kwa kumi sijaitoa tena tangu 2016.

Mhariri anasema namba hizo haziuzi gazeti. Inawezekana yuko sahihi, yeye anaijua biashara. Lakini gazeti letu linasomwa na watu wenye mikeka mfukoni, na kila ukipita kwenye vibanda vya kubeti utawaona wamelikunja kwenye ukurasa wa michezo. Mmoja wao anaweza kuwa ameshika kodi ya fremu. Nikimwandikia "lazima", nimemfungia maputo darini kwa hela yake.

Kinyozi alipata fremu nyingine, ndogo zaidi, mtaa wa pili, na bado ananinyoa. Kubeti ameacha, kikapu hakuacha. Fainali zikikaribia ananikalisha kwenye kiti, ananifunga kitambaa shingoni, ananiuliza kama zamani: "Dogo, mwaka huu nani?" Namtajia timu na namba yake. Anatikisa kichwa kwenye kioo, anasema, "Na hizo tatu zilizobaki je?" Namwambia hizo tatu zipo, Kaka. Kisha tunapanga nani ataleta chai ya saa tisa usiku.

Naomba kuwasilisha.